Likizo ya peke yako Tanga, Pangani na Bagamoyo: panga ratiba kwa chakula

Kilichokuwa kinanitisha kwenye kusafiri peke yangu sio wizi wala kupotea, ni jioni. Mchana unazunguka, unapiga picha, unapiga stori na dereva wa bajaji, ila ikifika saa moja usiku umekaa kwenye meza ya watu wanne uko mwenyewe na mhudumu anakuuliza "dada unamsubiri mtu?", hapo ndo moyo unaanza kurudi nyumbani. Likizo yangu ya kwanza ya hivyo iliharibika kabisa, nilifikia hoteli moja ya ufukweni, nikaagiza samaki nikamsubiri saa nzima na nusu, kaja mkavu, bei yake sokoni ningepata samaki watatu, na nimemla huku nashika shika simu. Siku ya tatu nikapanda basi nikarudi Dodoma.

Safari iliyofuata nilibadilisha kitu kimoja tu, ratiba nikaipanga kwa chakula. Yani kabla ya kuuliza vivutio nauliza hapa asubuhi watu wanakula nini na wanakulia wapi, samaki wanashuka saa ngapi, jioni jiko gani linawashwa wapi. Vivutio vinajipanga katikati. Nilikaa siku 9, Tanga, Pangani halafu Bagamoyo, na sikumbuki jioni hata moja niliyojiona mpweke.

Anzia Tanga. Ni mji wa pwani ambao haumkimbizi mtu, tambarare, watu wanaendesha baiskeli, na ukikodi baiskeli siku mbili umeumaliza wote. Mimi nililala Ngamiani, sikwenda Raskazone kwenye hoteli za kuangalia bahari, maana Ngamiani ndo kuna vyakula na barabara zake zina namba, kwahiyo mgeni hupotei, unasema tu nipeleke barabara ya 9 basi. Bahari utaifuata mchana, haikimbii.

Asubuhi tafuta mbaazi za nazi. Mama niliyekuwa nakula kwake alikuwa na sufuria moja kubwa na benchi mbili za mbao, hana kibao wala jina. Anafunua mfuniko, anakoroga kutokea chini mara moja taratibu ili tui lichanganyike bila mbaazi kuvunjika, anapakua, anakuwekea maandazi mawili ya iliki yana moto bado. Siku ya kwanza kaniuliza, "Mwanangu uko na nani?" Nikamwambia niko peke yangu mama, nimekuja kupumzika. Akawaambia waliokaa "msogeeni mgeni," wakasogea. Siku ya tatu nimechelewa kufika nakuta bakuli langu limefunikwa na sahani. Hapo ndo nilielewa tatizo langu la zamani lilikuwa meza. Benchi halina kiti kitupu cha kukukumbusha kwamba uko mwenyewe, mtu akija anakaa pembeni yako na maongezi yanaendelea. Kwahiyo ushauri wangu mkubwa ukiwa peke yako kula kwenye mabenchi, na rudi palepale kila siku, usihame hame kutafuta pazuri zaidi.

Jioni ni pweza. Muuzaji anamkata kwenye kibao kwa kisu chembamba, vipande vidogo kama kidole gumba, wewe unachoma na njiti unachovya kwenye pilipili ya ukwaju, mnasimama mnazunguka meza hiyohiyo na unalipa kwa kuhesabu vipande ulivyokula. Unahesabu mwenyewe, na yeye anakuamini.

Katikati ya milo nilienda mapango ya Amboni, ni kaskazini ya mji sio mbali, vaa viatu visivyoteleza na chukua mtu wa kukuongoza. Njiani kwenda Pangani simama Tongoni, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya zamani yenye nguzo, nilikuwa mgeni pekee siku hiyo na nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Pangani sasa, jamani. Mji mdogo, mto unamwaga baharini hapohapo, upande wa pili ni Bweni unavuka na kivuko, ukipanda kilima cha Bweni unaona mji wote na minazi mpaka macho yanachoka. Ndo mji aliponyongwa Abushiri bin Salim mwezi wa 12 mwaka 1889 baada ya kuongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, na ukitembea kwenye yale majumba ya zamani yenye milango ya kuchonga ukiwa unajua hilo unatembea tofauti.

Pangani utajifunza kuuliza maji. Sio saa, maji. Kisiwa cha Maziwe kwa mfano ni fungu la mchanga tu, ni hifadhi ya bahari, na maji yakijaa mchanga wote unafunikwa, kwahiyo safari yake inaenda na maji kupwa, mwenye boti akikwambia tuondoke saa 12 alfajiri usibishane nae. Uliza pia kama ni bamvua, yani maji yanajaa na kupwa sana, au maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Mimi nilikuwa siku mbili nashangaa soko la samaki mbona tupu, mpaka mzee mmoja pale akanielewesha wavuvi wanarudi saa ngapi, kesho yake nikafika nikapata samaki wawili aina ya changu, macho bado maangavu.

Hao changu nikampelekea dada wa gesti, tulishakubaliana bei ya kupika tangu jana yake. Akawachanja, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, akawachoma kwanza kwenye mkaa, halafu tui zito lililochemshwa na ukwaju na pilipili akawa anapaka kwa kijiko, anageuza, anapaka, mpaka tui likashika kwenye ngozi likawa na rangi ya kahawia pembeni. Na hapa ndo mvinyo wangu ulipoingia.

Nilitoka Dodoma na chupa mbili nimezifunga kwenye khanga katikati ya nguo. Sisi wa Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka halafu tunaenda pwani kunywa soda, inaniuma! Kwa samaki wa kupaka chukua mvinyo mweupe mkavu, yani usio mtamu, Chenin Blanc ya Dodoma inafaa sana, uchachu wake unakutana na ukwaju na unakata mafuta ya nazi. Mwekundu wa Makutupora uache kwa samaki wa kuchoma mkavu au mishkaki, ukiunywa na pilipili nyingi mdomo unawaka na ladha ya mvinyo huipati tena. Ile mitamu sana usibebe kabisa kwa ajili ya samaki. Kama hakuna friji zungushia chupa khanga mbichi uiweke mbele ya feni, au nunua barafu ya wavuvi uzamishe chupa kwenye ndoo, ila hiyo barafu usiitie kwenye glasi.

Lakini tafadhali sana, miji hii watu wengi ni Waislamu. Muulize kwanza mwenye gesti kama anaruhusu pombe, akikataa usibishe. Usitembee na chupa mtaani, usinywe kibarazani. Mimi niliruhusiwa uani, nikanywa glasi mbili nikafunika. Mwezi wa Ramadhani mchana vyakula vingi vya nje hautavikuta, ila futari ya jioni ukikaribishwa usikatae.

Kwa wanawake wenzangu, mchana dera au khanga inakupa amani, chagua bodaboda mmoja uhifadhi namba yake, na mwenye gesti ajue unaenda wapi. Pesa toa Tanga kabisa.

Bagamoyo nilikaa siku mbili tu na zilitosha. Kutoka Tanga panda basi la Dar ushuke Msata, hapo kuna Coaster za Bagamoyo, usiende mpaka Dar ndo urudi. Nenda magofu ya Kaole asubuhi kabla ya jua kali, na jioni pale sokoni wanapokaanga samaki. Mama mmoja alikuwa anageuza vibua kwenye karai kubwa, nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba, akaniangalia nyuma kama kuna mtu anakuja. Nikamwambia ni mimi tu mama. Akavuta ndoo akaigeuza, akaifuta na khanga yake. "Kaa hapa basi, moshi unaenda kule."