Maswali na Majibu: Tuuze nyumba kubwa kwanza, au tununue ndogo kwanza?

SWALI

Ndugu mshauri, salaam. Mimi nina miaka 61 na mume wangu 64. Tunaishi wawili tu katika nyumba ya vyumba vitano vya kulala tuliyowalelea watoto, na sasa imetuelemea: paa, bustani, mabomba, hakuna mwezi unaopita bila fundi. Tumeamua kuiuza na kuhamia fleti ya vyumba viwili ili tupumzike. Deni la rehani lililobaki ni asilimia 18 ya bei aliyotutajia dalali, kwa riba ya asilimia 9 na miaka 8 ya kulipa. Fleti tunayoitazama ni asilimia 55 ya bei hiyo hiyo. Kwa hesabu yetu tutabakiwa na asilimia 27, nayo ndiyo tunayoitegemea uzeeni. Je, tumekosea popote? Tuuze kwanza au tununue kwanza? Na tufanyeje na vitu vilivyoijaza nyumba, ambavyo mume wangu hataki viguswe?

JIBU

Mama, naanza na hesabu, kwa sababu majibu ya maswali yako mengine yanategemea kiasi kitakachobaki mwishoni. Katika kujumlisha na kutoa hamkukosea. Kasoro iko mahali pengine: mmelinganisha bei mbili za kwenye matangazo, ilhali kinachostahili kulinganishwa ni fedha itakayofika mikononi mwenu baada ya kila mtu kuchukua chake, na fedha itakayowatoka hadi mlale usiku wa kwanza ndani ya fleti.

Tuigawe bei aliyotaja dalali katika mafungu 100. Tarakimu nitakazotumia ni za kukadiria tu, na kila moja mtaiondoa na kuweka ile halisi mtakayopewa kwa maandishi. Tuseme mnunuzi anapatana nanyi kwa 96. Mkopeshaji anachukua 18 zake, na labda nusu fungu la adhabu ya kumaliza mkopo kabla ya muda, ikiwa mkataba wenu una kifungu hicho. Dalali anachukua 4, wakili pamoja na ada za usajili 1, marekebisho ya kabla ya kuuza 2, na kazi ya kuhama 1. Hapo mnabaki na 69.5. Upande wa pili, fleti ya 55 inakuja na ushuru wa uhamisho, wakili na ukaguzi wa jengo, tuseme 4, na kwa kuwa ni nadra mtu kuhamia nyumba bila kuigusa, ongezeni 2.5 za makabati, rangi na mapazia. Jumla ni 61.5. Kinachobaki ni 8.

Kati ya 27 mlizotarajia na 8 hizi pana pengo la 19, na ni heri pengo hilo lionekane sasa mezani kuliko kuonekana siku ya kukabidhi funguo. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba ni kumwandikia mkopeshaji awape barua inayoonyesha kiasi kamili cha kulipa deni lote kwa tarehe fulani, riba ya kila siku baada ya tarehe hiyo, na adhabu kama ipo. Salio linaloonekana kwenye taarifa ya kila mwezi si lazima liwe ndilo kiasi hicho. Katika barua hiyo hiyo ulizeni utaratibu na muda wa kuiondoa rehani kwenye hati miliki, kwa kuwa wakili wa mnunuzi hataruhusu fedha zote zitoke kabla ya kuhakikishiwa kwamba hati itatoka safi.

Hesabu hiyo haijagusa kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi inayotozwa kwenye faida ya kuuza mali, na nimeiacha kando makusudi kwa sababu inatofautiana sana kati ya nchi na nchi. Nchi nyingi huisamehe nyumba ambayo mwenyewe ameishi, lakini msamaha huo hufungwa na masharti ya muda. Marekani, kwa mfano, humtaka muuzaji awe ameimiliki na kuishi ndani yake angalau miaka 2 kati ya 5 kabla ya kuuza, na hata hapo faida inayosamehewa ina ukomo. Uingereza husamehe kipindi ulichoishi ndani pamoja na miezi 9 ya mwisho ya umiliki hata kama ulikwisha kuhama. Ndiyo maana sipendi kuona watu wakihama, wakaipangisha nyumba ya zamani kwa miaka kadhaa huku wakisubiri bei nzuri, kisha wakashangaa wanapodaiwa kodi. Tafuteni pia hati za manunuzi ya awali na risiti za kazi za kudumu mlizofanya, kama kuongeza chumba au kujenga ukuta, kwa kuwa gharama hizo kwa kawaida hujumlishwa kwenye bei mliyonunulia na hivyo kupunguza faida inayotozwa. Kupaka rangi na kubadilisha bomba lililopasuka kwa kawaida havihesabiwi. Na kama chumba kiliongezwa bila kibali cha ujenzi, mwambieni wakili wenu leo. Jambo hilo likigunduliwa na mkaguzi wa mnunuzi katika wiki ya mwisho, huangusha bei au mauzo yote.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo naona ndiyo kiini cha barua yako, ingawa hukuiuliza moja kwa moja. Unatafuta nafuu, na nafuu hiyo hupimwa kwa kinachotoka kila mwaka, wala si kwa idadi ya vyumba. Nyumba kubwa, kwa mafungu yale yale, inakula hivi: marejesho ya mkopo wa 18 kwa riba ya asilimia 9 na miaka 8 ni takriban 3.2 kwa mwaka. Matengenezo, kwa kanuni ya makadirio inayotumiwa na wengi ya asilimia 1 ya thamani ya nyumba, ni 1. Bima, kodi ya jengo, umeme na maji tuseme 1.2. Jumla ni 5.4. Fleti inaweza kula 0.9 ya ada ya huduma, yaani mchango wa kutunza sehemu za pamoja za jengo, 0.3 ya matengenezo ya ndani, na 0.6 ya bima, kodi, umeme na maji. Jumla ni 1.8. Mnapunguza 3.6 kila mwaka, na gharama za kuuza, kununua na kuhama, ambazo ni 15 tukiacha zile 4 za mapatano ya bei, zitakuwa zimejilipa baada ya miaka minne na zaidi kidogo.

Lakini tazama tena, Mama. Kati ya hizo 3.6, sehemu ya 3.2 inatokana na deni kuisha, na deni hilo lingeisha lenyewe baada ya miaka 8. Udogo wa nyumba umewapunguzia 0.4 tu, kwa sababu ada ya huduma imekula sehemu kubwa ya mliyookoa kwenye matengenezo na bili. Hii haimaanishi kwamba msihame. Kutokufuatana na mafundi kuna thamani yake, na kufikia uzee bila rehani ni jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Inamaanisha kwamba fleti yenyewe mnapaswa kuichunguza kwa ukali kuliko mnavyoichunguza bei yake, na kwamba nyumba ndogo ya chini isiyo na lifti wala bwawa la kuogelea inaweza kuwapa nafuu kubwa zaidi ya fleti inayong'aa.

Mkiendelea na fleti, ombeni kwa umoja wa wamiliki hesabu za miaka mitatu iliyopita na mihtasari ya mikutano yao. Someni mambo manne: ada imepanda kwa kasi gani, wamiliki wangapi hawalipi, lifti, paa na pampu za maji vina umri gani, na mfuko wa akiba wa matengenezo makubwa una kiasi gani. Ada ndogo isiyo na mfuko wa akiba nyuma yake ni deni lililofichwa, kwani siku lifti itakapohitaji kubadilishwa kila mmiliki ataandikiwa mchango wa ghafla, na wenye kipato cha kustaafu ndio huumia zaidi. Mihtasari husema kweli ambayo dalali hatakuambia: ugomvi wa maegesho, uvujaji unaorudi kila mvua, kesi na mkandarasi. Tena iendeeni fleti hiyo usiku na siku ya mapumziko, mkapande ngazi zake kwa miguu hadi mlangoni, mkijiuliza kama mtaziweza umeme ukikatika mkiwa na miaka 78.

Kuhusu mpangilio, ushauri wangu ni kuuza kwanza, na siutoi kwa mashaka. Anayenunua kabla ya kuuza hubeba nyumba mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi hulazimika kuchukua mkopo wa muda mfupi wa kuziba pengo, ambao riba yake kwa kawaida huwa juu kuliko ya rehani. Nyumba yenu kubwa ikikaa sokoni miezi sita baada ya kununua fleti, itakuwa imekula 2.7 kati ya yale mafungu 8, bila kuhesabu riba ya mkopo huo. Hasara iliyo kubwa zaidi haipo hata kwenye hesabu hiyo: muuzaji aliyekwisha kununua kwingine huuza akiwa na haraka, na wanunuzi huinusa haraka hiyo. Punguzo la asilimia 5 linalotolewa kwa uchovu hula zaidi ya nusu ya kilichobaki.

Hofu ya kuuza kwanza ni kukosa mahali pa kulala, nayo ni hofu ya haki, lakini ina dawa mbili. Ya kwanza ni kukubaliana na mnunuzi ndani ya mkataba kwamba mtabaki katika nyumba kama wapangaji kwa muda maalumu baada ya kukamilisha mauzo, kwa kodi iliyoandikwa, amana, na tarehe ya kuondoka isiyobishaniwa. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kupanga nyumba ndogo kwa miezi sita hadi mwaka mmoja katika eneo mnalokusudia kununua. Ni kweli kwamba mtahama mara mbili na mtalipa kodi, na kama bei za nyumba zinapanda kwa kasi kusubiri kuna gharama yake. Hata hivyo, miezi hiyo itawaonyesha kama vyumba viwili vinawatosha kabla hamjafunga 55 ndani yake. Wapo wanaogundua kwamba walihitaji chumba cha tatu kwa ajili ya wajukuu, na wapo wanaogundua kwamba kupanga tu kunawatosha. Kama fleti mnayoitaka iko hatarini kuchukuliwa, jaribuni kumshawishi muuzaji wake akubali mkataba wenye sharti kwamba ununuzi utakamilika pale tu nyumba yenu itakapouzwa, na arubuni irudishwe sharti hilo lisipotimia ndani ya muda uliotajwa.

Mauzo yenyewe yasianze kabla mthamini aliyesajiliwa, asiye na maslahi katika mauzo, hajaikagua nyumba. Dalali anayetafuta kazi yenu ana sababu ya kutaja bei tamu. Nanyi pia mna sababu ya kuiamini, kwa kuwa binadamu hukithamini kilicho chake kupita kiasi. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walipewa vikombe vya kawaida, na ndani ya dakika chache waliopewa walikuwa wakidai bei ya takriban mara mbili ya ile ambayo wasiopewa walikuwa tayari kulipa. Ikiwa kikombe cha dakika chache hufanya hivyo, mtu asishangae nguvu ya nyumba ya miaka mingi.

Majaribio hayo yanaeleza pia hali ya mumeo, kwa hiyo nakusihi usiichukue kuwa ni ukaidi. Msianze na picha, barua na vitu vya watoto, kwani hapo kazi yote itakwama siku ya kwanza. Anzeni na stoo, jikoni na vitu vilivyo zaidi ya kimoja. Kwa samani, pimeni vyumba vya fleti, upana wa milango na kona za ngazi, kisha chukueni utepe na kuchora ukubwa huo huo kwenye sakafu ya sebule mliyo nayo sasa. Mumeo apange mwenyewe ndani ya mstari vile anavyotaka kwenda navyo. Asilazimishwe kusema kipi kinatupwa. Achague tu kipi kinakwenda, maana swali hilo la pili ni jepesi zaidi kwa mwenye mali. Vilivyobaki nje ya mstari waiteni watoto waje wavichukue kwa tarehe moja mliyoipanga, na msikodi ghala kwa ajili yavyo isipokuwa mmeandika siku ya kulifunga, kwa kuwa ada ya ghala ni ile ile gharama ya kila mwezi mnayojaribu kuikimbia.

Hati miliki ikiwa na majina yenu wawili, au sheria ya kwenu ikitaka ridhaa ya mwenzi hata pale jina ni moja, wote wawili mtatia saini. Kwa hiyo kazi ya utepe ifanyike kabla ya tangazo la kuuza kutoka, wakati mumeo bado anaweza kusema kwamba vyumba viwili havimtoshi na hesabu ikabadilishwa bila kumvunjia mkataba mtu yeyote.