Muvi ninazozipenda nikizima sauti

Mleta mada umeuliza tutaje muvi tunazozipenda na nani alicheza vizuri kuliko wote humo ndani. Nimesoma majibu tangu mwanzo, karibu kila mtu kamtaja Denzel Washington wa Training Day na sababu ni ileile, anavyofoka mtaani kule mwishoni. Sipingi, ile kazi ilimpa Oscar ya muigizaji bora mwaka 2002 na alistahili kabisa. Ila kuna mdau hapo juu kaandika kwamba muigizaji mkali unampima kwa kulia na kufoka, hapo ndo sikubaliani nae, na ngoja nieleze kwanza macho yangu yalifunzwa wapi maana bila hivyo majibu yangu hayataeleweka.

Mimi nimekulia Morogoro, na muvi nimezijulia kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, TV ya chogo, deki imefunikwa kitambaa, pazia jeusi mlangoni na bati linawaka jua la saa nane. Enzi hizo ni kanda za Lufufu. Kwa vijana ambao hamkuwepo, Lufufu alikuwa anatafsiri muvi za kizungu, za Kichina, za Kihindi, sauti yake inapita juu ya sauti za kwenye picha, steringi ni yeye, adui ni yeye, mama anayelia msibani ni yeye. Nilimpenda sana na bado nampenda, alitufanya tuione dunia kwa Kiswahili chetu. Lakini maana yake ni kwamba utoto wangu wote sikuwahi kumsikia muigizaji yeyote vizuri, nilikuwa nazijua sura tu. Na kuna wakati Lufufu anasema jamaa kakasirika, mimi namwangalia yule jamaa kwenye kioo naona wala hajakasirika, huyu anaogopa. Nikawa naamini macho ya yule mtu kuliko maneno aliyopewa.

Tabia hiyo haijaniisha. Mpaka leo muvi ikinigusa nairudia siku nyingine nimezima sauti kabisa, nione nani bado anaigiza.

Sasa tukirudi kwa Denzel, mimi Denzel wangu ni wa Glory ya 1989, ile ya kikosi cha wanajeshi weusi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Anacheza kama Trip, mtumwa aliyetoroka akajiunga na jeshi. Siku moja anakamatwa nje ya kambi, wanasema ametoroka, kumbe alikwenda kutafuta viatu maana miguu imeoza na viatu hawajapewa. Kanali anaamuru achapwe viboko mbele ya wenzake wote. Wanamvua shati, mgongo unaonekana tayari una makovu ya zamani, ya utumwani. Halafu anachapwa na wala hapigi kelele, anamkazia macho kanali, uso umekakamaa, na wakati huohuo chozi moja linashuka lenyewe. Uso unasema sikuogopi na chozi linasema mmenirudisha kulekule, vyote viwili kwa pamoja. Hakuna neno hata moja. Alipewa Oscar kwa ile muvi, ya muigizaji msaidizi, na nina uhakika kile kipande ndo kilichompa.

Nyingine ni Captain Phillips ya 2013, na hii inatuhusu zaidi kwa sababu tukio lenyewe ni la kweli, ile meli ilitekwa na maharamia wa Kisomali Aprili 2009 ikiwa inakuja zake Mombasa. Barkhad Abdi, anayecheza kiongozi wa maharamia, kazaliwa Mogadishu, kakulia Yemen, akahamia Minneapolis, alishafanya mpaka kazi ya udereva na hajawahi kuigiza popote kabla ya hapo. Dairekta Paul Greengrass aliwaficha wale Wasomali wanne wasikutane na Tom Hanks, anayecheza nahodha, mpaka siku wanapovamia chumba cha kuongozea meli, kwa hiyo ule mshtuko unaouona sio wa mazoezi. Watu wengi wanakumbuka maneno yake tu, yale ya kusema sasa nahodha ni mimi. Mimi namkumbuka alivyo mwembamba na shati limemzidi, na yale macho ya mtu ambaye nyuma yake hakuna pa kurudi. Zima sauti uangalie, utamuogopa na utamuonea huruma dakika hiyohiyo.

Na Hanks mwenyewe pale mwishoni! Ameshaokolewa, amekalishwa zahanati ya meli ya jeshi, dada wa tiba anamuuliza maswali ya kawaida tu, unaumwa wapi, hii damu ni yako, na yeye hawezi kujibu. Mdomo unatetemeka, mikono haijui ikae wapi. Kile kipande hakikuwa kwenye maandishi, na yule dada ni mhudumu wa tiba wa kweli wa jeshi la majini, alikuwa anafanya kazi yake kama siku zote. Mwaka ule hawakumpendekeza hata kwenye Oscar, na mpaka leo inaniuma.

Lupita nae wengi mnamtaja kwa 12 Years a Slave, sawa, lakini kaangalieni Us ya 2019. Anacheza watu wawili wenye sura moja, na bila sauti bado unajua huyu ni yupi na yule ni yupi, kwa anavyotembea na anavyokaza shingo.

Nakiri kuna mahali kipimo changu hakifiki. Forest Whitaker alipocheza Idi Amin kwenye The Last King of Scotland, walipiga picha kulekule Uganda na alijifunza hadi Kiswahili, ile sauti yake na kile kicheko ndo nusu ya kazi yenyewe. Ukizima unakuwa umemuonea. Ingawa hata hapo, angalia kicheko kinapokatika, macho yanakuwa yameshabadilika sekunde nyingi kabla ya mdomo.

Bongo muvi nazipenda na ndo maana nazisema. Tunaongea mno. Mtu yuko peke yake chumbani anajieleza kwa sauti alichokiona, alichokiwaza na anachokwenda kufanya, na kinanda kinalia juu yake muda wote. Wakati tulikuwa na King Majuto jamani, yule mzee wa Tanga alikuwa anatokea tu mlangoni, anasimama, ukumbi mzima unacheka na hajafungua mdomo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilinipa matumaini makubwa. Ikhlas Gafur Vora anayecheza Yasmin anaachiwa nafasi ya kunyamaza, kamera inamsubiri, unaona binti anavyofikiri.

Lakini kura yangu moja, maana mleta mada anataka jina moja, inakwenda kwa mtu ambaye sijaona anatajwa humu. Picha la Sholay la 1975. Kila mtu anamjua yule adui Gabbar Singh na Amitabh aliyecheza Jai. Mimi nasema yule mjane, Radha, aliyechezwa na Jaya Bhaduri. Jioni Jai amekaa nje anapuliza kinanda cha mdomo, na huyu mama kavaa nguo yake nyeupe yuko juu barazani anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemeshani. Kwao mjane haruhusiwi hata kuonekana anatamani kitu, kwa hiyo anachoweza kukifanya ni kuzima taa tu.

Mwaka jana nilimuwekea mama hilo picha kwenye simu, mtoto alikuwa amelala pembeni kwa hiyo tukazima sauti. Mama alilionaga ujanani, Kihindi hajui hata neno. Kilipofika kile kipande akanishika mkono nisisogeze mbele, akaangalia mpaka giza lilipoingia, akaniambia, "Unamuona? Anazizima polepole ili zisiishe."

Jaya Bhaduri, wakuu. Andikeni hapo.