Ngozi ikishapandikizwa, kazi inayobaki ni yako

Mgonjwa akiambiwa atapandikizwa ngozi, ndugu wote huuliza kitu kimoja: operesheni ni lini? Nami niliuliza hivyo hivyo mwanangu alipomwagikiwa na chai ya moto kuanzia kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja. Siku hizi nikikutana na mzazi mwenzangu kwenye korido ya wodi ya majeruhi wa moto, namwambia aongeze la pili: baada ya operesheni mkono ukaeje, na kwa muda gani? Ya chumba cha upasuaji yana wenyewe na wanayajua. Ngozi kushika na mkono kurudi kunyooka, hapo mnahusika ninyi mnaolala naye.

Huduma ya kwanza sitaiongelea sana: maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno ibaki kwenye mswaki. Kinachonikera ni ile miezi ya kubadilishwa bendeji huku mnaambiwa kidonda "kinaendelea vizuri". Kidonda cha moto kinachoelekea kupita wiki 3 bila kufunga kionwe na daktari wa upasuaji rekebishi, yaani anayerekebisha ngozi na viungo vilivyoharibika. Kikiachwa kijifunge chenyewe, hujifunga kwa kuvuta ngozi ya jirani, na kovu lake huwa nene. Madaktari hao bado ni wachache na wengi wako hospitali kubwa, kwa hiyo rufaa iombeni mapema. Hata AMREF, shirika la afya tunalolijua kwa ndege zake za kubeba wagonjwa, lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa fani hii hii, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees.

Sasa operesheni yenyewe. Huchukuliwa utando mwembamba wa ngozi, chini ya nusu milimita, mara nyingi kutoka pajani. Aghalabu hupitishwa kwenye mashine inayoutoboa uwe kama wavu, ili utanuke na majimaji yapate pa kutokea. Utando huo hauji na damu yake. Siku mbili za mwanzo huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda, ndipo mishipa midogo ya chini huanza kuungana nao. Katika siku hizo chochote kinachoingia katikati kinaweza kuuua: damu iliyoganda, usaha, au utando kuteleza tu kwa sababu mtoto karusha mkono.

Ndiyo maana bendeji ya kwanza huwa nene na ya kubana kidogo, na hakuna wa kuigusa ila aliyetumwa. Mashangazi watakuja na uji, watataka "kuchungulia kidogo tu". Wapokee uji, uchunguliaji ukatae. Mtoto asinyanyuliwe kwa mkono ule, na mkono ukae juu ya mto. Kama mgonjwa wako ni mtu mzima anayevuta sigara, aache kabisa, maana moshi hubana mishipa ile ile tunayoingoja.

Jambo ambalo halikutajwa mapema kwetu ni paja. Linauma kuliko kidonda chenyewe, kwa sababu limeparuzwa juu juu na ncha za neva zimebaki wazi. Dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake, usingoje alie. Gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, ikigandia hapo isibanduliwe kwa nguvu; huachia yenyewe ngozi ikishaota chini yake, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Ikitoa harufu mbaya na mtoto akapata homa, mwite muuguzi.

Bendeji ya kidonda kwa kawaida hufunguliwa karibu siku ya 5. Muuguzi wetu aliilowanisha kwa maji ya chumvi, akaitoa safu kwa safu, na kila safu nilikuwa nakaza meno mimi badala ya mtoto. Ngozi ilikuwa na rangi kati ya waridi na zambarau, na vile vitobo bado vinaonekana. Kona moja ilikuwa nyeusi, damu ilikuwa imejikusanya chini yake. Usiogope ukiona hivyo: sehemu ndogo iliyokufa huweza kuzibwa na ngozi inayotambaa kutoka pembeni.

Kitanda cha pili alikuwapo kijana wa bodaboda, mfupa wa mguu uko wazi. Yeye hakupandikizwa utando, kwa kuwa mfupa mtupu hauna cha kuulisha. Alihamishiwa kipande cha nyama pamoja na mshipa wake wa damu. Mkiambiwa hivyo, msidhani mnaongezewa gharama tu.

Mkirudi nyumbani ndipo hasa. Ngozi mpya hujikunja kwa miezi, na mkao unaomstarehesha mgonjwa ndio unaomlemaza. Kiwiko kinapenda kukunjwa, basi usiku kilale kimenyooshwa kwenye gango, kile kifaa kigumu kinachofungwa ili kiungo kisikunjike. Shingo iliyoungua hainyimwi kingine ila mto. Kwapa lilale mkono ukiwa mbali na mwili. Mazoezi ya kunyoosha fanyeni kila siku, hata akilia, baada ya dawa ya maumivu na kwa jinsi mtaalamu wa viungo alivyoonyesha. Ngozi hiyo haina tezi za mafuta wala za jasho, hivyo ipakwe mafuta mara kwa mara, ikandwe, na ikingwe na jua. Itawasha sana, kateni kucha. Kovu likianza kuinuka, ulizeni mapema juu ya nguo za kubana na karatasi za silikoni, na msimruhusu mtu kukata keloidi, lile kovu linalovimba na kutambaa nje ya kidonda, bila mpango wa matibabu ya baadaye, maana hurudi, mara nyingi kubwa zaidi.

Kila kliniki nenda na gango lenu likajaribiwe upya. Mtoto anakua, gango halikui.