Mnandi amekula nini? Tumuulize donge lake

Tangu niandike kuhusu ndege wanaoishi kwa samaki, simu yangu haijapoa. Nimechagua maswali machache, mengine nimeyafupisha.

Mvuvi, Katosi: Minandi wanatumaliza. Wanameza samaki wachanga mchana kweupe. Kwa nini wasiuawe?

Ndugu yangu, hasira yako naielewa. Petroli ya injini hainunuliwi kwa pole. Lakini kabla ya kumhukumu mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki, tukapekue jalala lake. Mara nyingi, karibu kila siku, yeye hutapika donge la ute lililofunga mifupa, magamba na vijiwe vya sikio vya samaki aliowala. Yatafute madonge hayo chini ya mti anaolala.

Mwaka jana mimi na rafiki yangu tuliokota moja, tukaliloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Ute ulipoachia tukalimimina juu ya kichujio cha chai (hakikurudi tena jikoni). Kati ya miiba ikabaki punje nyeupe, ndogo kuliko mchele, yenye meno meno ukingoni. Hicho ndicho kijiwe cha sikio. Kila jamii ya samaki ina umbo lake la kijiwe, na ukikipima unaweza kukadiria urefu wa samaki mwenyewe. Hapo ndipo unajua kama aliyeliwa ni nkejje, samaki mdogo wa ziwani, wa urefu wa kidole, au ngege (sato) wa kujaza sahani.

Donge nalo hudanganya. Asidi ya tumbo huyeyusha vijiwe vidogo, kwa hiyo samaki wadogo huhesabiwa pungufu. Mukene, yaani dagaa, ana vijiwe vidogo mno. Mtafiti hutafuta mifupa ya koo lake na pingili za uti. Tena ndege akimeza samaki aliyekwisha kumeza mukene, mifupa ya wote wawili hutoka pamoja, na mnandi anabeba kesi isiyo yake.

Mnandi mkubwa hula takriban nusu kilo kwa siku. Ni samaki, sikatai. Lakini usidhani kila samaki aliyeachwa na mnandi ataingia kwenye wavu wako. Sangara yumo humo humo majini, anakula nkejje, anakula mukene, anakula hata watoto wa sangara wenzake. Binafsi ningeanza kumshuku yeye, na nyavu za macho madogo, kabla ya kumgusa ndege.

Mwanafunzi, Kampala: Je, ni lazima kumpasua ndege ili kujua chakula chake?

Zamani walipigwa risasi wakapasuliwa matumbo. Siku hizi kinyesi kinatosha, kwa sababu DNA ya samaki hubaki ndani yake. Unyoya nao ni shajara. Nitrojeni ina isotopu mbili thabiti, yaani atomi za aina moja zenye uzito tofauti, nyepesi na nzito, na ile nzito huongezeka kwa takriban sehemu 3 hadi 4 kwa elfu kila unapopanda ngazi moja ya ulaji: kutoka mwani hadi vijidudu vya majini, hadi mukene, hadi ndege. Unyoya ukishakomaa haubadiliki tena, hivyo hutunza habari ya mlo wa majira ulipoota. Ndiyo maana manyoya ya ndege waliohifadhiwa makumbusho miaka mingi bado yanasomeka. Ila isotopu itakuonyesha ngazi. Jina la samaki itakubidi ulitafute kwenye donge au kinyesi.

Mwalimu, Jinja: Sangara alipozidi ziwani, ndege walikula nini?

Swali tamu, mwalimu. Sangara aliletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, akalipuka kwa wingi miaka ya 1980, na nkejje wakaporomoka. Upande wa Mwanza, Tanzania, watafiti walichambua madonge ya mdiria, yule mweusi na mweupe anayepiga mabawa akielea hewani kabla ya kujitosa. Zamani yalijaa mifupa ya nkejje. Baadaye yakajaa mukene. Kwa kuwa mukene ni mdogo, ilimbidi mdiria avue wengi zaidi kwa siku.

Uzito wa mzigo huo unaonekana hata nyumbani kwake. Katika tafiti zilizochapishwa miaka ya 1980, Heinz-Ulrich Reyer alilinganisha wadiria wa Ziwa Viktoria na wa Naivasha, Kenya. Naivasha, ambako chakula kilipatikana kwa urahisi zaidi, wazazi waliwafukuza madume wageni waliojitolea kulisha makinda. Ziwa Viktoria waliwapokea. Mgeni mwenye samaki mdomoni hafukuzwi nyumba yenye njaa.

Msomaji, Mbarara: Uganda haina bahari. Ndege wa baharini wanatuhusu nini?

Shakwe wenye kichwa cha kijivu huzaliana visiwa vya Musambwa, Ziwa Viktoria, na buabua wenye mabawa meupe, binamu wa shakwe, hufurika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, wakikimbia baridi ya kaskazini. Hoja za baharini nazo zinatufaa. Mwaka 2011 watafiti waliolinganisha bahari mbalimbali waliona kwamba samaki wadogo wakishuka chini ya theluthi moja ya kiwango chao cha juu kabisa, ndege huanza kushindwa kulea makinda. Je, theluthi ya mukene wetu ni kiasi gani? Hilo ningependa kulisikia likiulizwa kwenye vikao vya mwaloni.

Mama muuza mukene, Ggaba: Kaloli naye ni ndege wa samaki?

Mama, kaloli, yule korongo mkubwa mwenye upara, ni ndege wa chochote: mizoga, utumbo wa kuku, takataka za Kampala, na mukene wako uliouanika ukaenda kunywa chai. Tandaza wavu juu yake, uuinue kidogo kwa vijiti. Wavu ukilala bapa juu ya mukene, mdomo wa kaloli utapenya tu.