Majedwali mawili, DDT moja

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma kemia mwaka wa tatu chuoni. Jedwali moja linaonyesha kwamba lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi humumunya mikrogramu 1.2 za DDT, ile dawa ya kuua wadudu, na jingine linaonyesha mikrogramu 25. Ni lipi lililokosea, na nikitaka kupima mwenyewe nifuate njia gani? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usiharakishe kumlaumu mchapaji, kwani namba zote mbili zilipimwa. Kilichotofautiana ni kile ambacho kila mpimaji alikihesabu kuwa kimemumunyika.

Shuleni tulifundishwa kutia kitu kwa wingi katika chupa ya maji, kutikisa mpaka maji yashibe, kuacha yatulie, kisha kupima. Kwa chumvi njia hiyo inafaa. Hata kwa klorofomu, ambayo humumunyika kiasi cha gramu 8 kwa lita, inatosha, mradi chupa ijazwe mpaka kwenye kizibo, kwa sababu klorofomu huvukia upesi katika nafasi yoyote ya hewa iliyobaki juu ya maji.

DDT haipimiki hivyo. Ukiitikisa kwa nguvu, chembe zake humeguka kuwa vipande vidogo mno ambavyo huelea majini bila kumumunyika, na anayechota maji hayo huvihesabu pamoja na molekuli zilizomumunyika kweli. Kwa maoni yangu, namba ya 25 imebeba chembe za namna hiyo. Lakini kuchuja nako kuna hasara yake, kwa kuwa DDT hung'ang'ania karatasi ya chujio, kuta za kioo na mpira wa kizibo, ikapungua majini kabla hujaipima. Tena DDT ya kiwandani si kitu kimoja: sehemu kubwa ni p,p′-DDT, nayo imechanganyika na o,p′-DDT, yenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti, ambayo humumunyika zaidi, kwa hiyo jedwali lisilotaja aina iliyopimwa halikufai.

Mwongozo namba 105 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la kimataifa linalotoa pia miongozo ya kupima kemikali, unaelekeza kwamba vitu vinavyomumunyika chini ya miligramu 10 kwa lita vipimwe kwa njia ya mrija. Shanga ndogo za kioo au mchanga hupakwa tabaka jembamba la kampaundi inayopimwa, hushindiliwa ndani ya mrija uliodhibitiwa joto, na maji safi hupitishwa humo polepole. Hakuna kutikisa, kwa hiyo chembe hazimeguki ovyo, na maji ya mwanzo humwagwa kwa sababu huenda yakazoa mabaki yaliyolegea. Yanayofuata hukingwa moja kwa moja ndani ya kiyeyushi kama heksani ili DDT isipate muda wa kushika kioo, kisha hupimwa kwa kromatografia ya gesi, yaani njia ya kutenganisha kemikali zikiwa mvuke, yenye kitambuzi cha kunasa elektroni, chombo alichokibuni mwanasayansi Mwingereza James Lovelock mwaka 1957. Atomi za klorini hunasa elektroni kwa urahisi, na ndiyo sababu chombo hicho huiona DDT hata ikiwa kidogo kiasi hicho.

Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa kuhusu kemikali zenye sumu zinazodumu muda mrefu katika mazingira, umeibana DDT, hivyo usiitafute bila mwalimu wako kujua. Ukishapata jibu la kwanza, punguza mwendo wa maji kwa nusu na upime tena: namba zikilingana, maji yalikuwa yameshiba, ya pili ikipanda, uliyaharakisha.