Kuwatazama wanaotushinda

SWALI: Ndugu mhariri, klabu yetu hushiriki FIRST LEGO League, mashindano ya wanafunzi ya roboti za LEGO, na kila mara tunaachwa mbali. Wanafunzi hurudi na picha za roboti za washindi, wanataka kuziiga. Niwaruhusu? (Mwalimu mlezi)

JIBU: Picha waache, wachukue saa. Mchezo ni sekunde 150 tu, na timu kali mara nyingi hupata faida pale roboti inaporudi mahali pa kuanzia kubadilishiwa mikono, yaani vifaa vinavyofungwa juu yake kwa kila kazi. Mwanafunzi mmoja apime tangu inaporudi hadi inapotoka tena. Ninyi mkitumia sekunde 15 kila mara, mabadiliko manne yamekula dakika nzima. Wenzenu wakitumia 4, wamepoteza 16 tu. Kisha achungulie mkono wenyewe: aghalabu unaketi kwa uzito wake, giya zikikutana kwa juu, bila pini ya kusukuma kwa kidole.

La pili, mtazame roboti yao inavyonyooka. Anayetegemea kuhesabu mizunguko ya magurudumu tu hukusanya makosa, maana tairi lenye vumbi huteleza. Wajanja huirudisha nyuma ikagusa ukuta kwa sekunde moja hivi, ikanyooka, ndipo ianze safari. Kama mnatumia jairo, kihisi kinachopima roboti inavyogeuka, roboti isiguswe wakati kihisi hicho kinaposawazishwa. Ikitikiswa hapo, itapinda njia nzima na mtailaumu programu bure.

Mezani kwao ulizeni, "Mlijaribu nini kikashindikana?" Wengi hueleza kwa furaha. Kuiga roboti nzima ni hasara: majaji huwahoji wanafunzi wenyewe kuhusu usanifu wao, na asiyeujua hujulikana upesi.