Wasifu wa Bibi Usiandikwe Usiku wa Msiba

Wasifu wa bibi yangu mzaa mama tuliuandika saa nane usiku, wajukuu watatu tukiwa tumejikunyata jikoni kwa baridi ya Julai ya Iringa, na haukufika hata ukurasa mmoja. Kesho yake ulisomwa makaburini: alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto saba, alikuwa mcheshi, mkarimu na mcha Mungu, aliugua, alifariki. Humo hamkuwa na uongo hata mmoja. Lakini ungebadilishwa jina tu, ungeweza kusomwa kwenye msiba wa jirani yake yeyote na hakuna ambaye angegutuka.

Hata mwaka wa kuzaliwa tuliukosea. Kitambulisho chake kilisema 1945, nasi tukanakili hivyo ili wajomba waache kubishana. Siku ya arobaini, bibi mdogo, yaani mdogo wake wa tumbo moja, alitusikiliza tukirudia mwaka huo, akacheka. Fuvu la Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liliporudishwa Kalenga kutoka Ujerumani, alisema, dada yake alikuwa amekwisha kuvunja ungo, na ndiye aliyewashika mkono wadogo zake wasipotelee kwenye umati. Fuvu lilirudishwa Juni 1954. Mtoto wa miaka tisa asingekuwa mwali, kwa hiyo kitambulisho kilikuwa kimempunguzia bibi miaka mitano au zaidi.

Kwa sababu hiyo, ukiwa bado na bibi aliye hai, usimuulize alizaliwa lini. Muulize tukio fulani lilimkuta akiwa wapi na akifanya nini. Uhuru wa 1961 utakusaidia, na Azimio la Arusha la 1967 pia, ingawa kwa uzoefu wangu hakuna kinachofungua kumbukumbu za wazee wa huku kama habari za kuhamia vijijini mwaka 1974. Uliza wakati nyumba ya zamani inaachwa, nani alikuwa anatembea na nani alikuwa mgongoni. Kwa swali hilo moja, mama yangu na ndugu zake wote walipangika kwa umri bila cheti hata kimoja.

Namna ya kuuliza nayo ina mambo yake. Mara ya kwanza nilimwekea bibi simu mbele ya uso ili nimrekodi, nikamwambia anisimulie maisha yake. Alinitazama kwa huruma. “Maisha gani tena, mke mwenzangu? Nimelima, basi.” Nilipoacha simu na kukaa naye chini siku anaposuka vikapu vya milulu, yaani nyasi za kusukia, alizungumza mpaka jua likazama. Ukucha wa kidole gumba chake cha kulia ulikuwa umelika upande mmoja kwa miaka mingi ya kukaza milulu, na kila alipofika mahali pagumu katika habari alikaza zaidi, akanyamaza, akazungusha kikapu, kisha akaendelea. Kwa hiyo mkute akiwa na kazi mkononi, nawe umsaidie, hata kama utaiharibu. Mimi niliharibu vikapu viwili, akavifumua bila kusema neno, naye hakuwa mtu wa kukosa maneno. Alikuwa mkali. Ukali huo nao haukuingia kwenye wasifu wetu, na sijui tulimwogopa nani.

Jambo lililoniuma zaidi nilikuja kuliona baadaye. Bibi alijifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya sabini, akiwa tayari na watoto, na sisi tulidhani elimu hiyo aliitumia kanisani tu. Chini ya godoro tulikuta daftari lenye majina ya watu waliomletea kitu babu alipofariki: debe la mahindi, kuku, mzigo wa kuni, kila kimoja katika mstari wake, kwa herufi kubwa zilizolala upande. Kila alipokwenda kwenye msiba wa mtu huyo na kurudisha, alipiga mstari juu ya jina. Tulikuwa tumemwita mkarimu, kumbe kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akihesabu wema wa wenzake ili asibaki na deni la mtu. Kabla hujaandika neno la sifa, basi, pekua kwanza chini ya godoro, ndani ya sanduku na kwenye mikunjo ya khanga.

Majina matatu yalikuwa hayajakatwa. Desemba ile, mama nami tulibeba madebe matatu ya mahindi tukayapeleka. Katika nyumba ya mwisho mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Binti yake alitupokea kwa “kamwene”, salamu ya Kihehe, akaliweka debe letu ndani, kisha akatoka na daftari lake akiwa anatafuta kalamu.